Kifurushi cha Kwenda Eldoret

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikitoka Shauri Moyo asubuhi, navuka Gikomba kwa miguu, naingia mjini kwenye kiofisi cha barua pepe kilichokuwa na seva nne: mbili hapo hapo, moja Mombasa, moja Eldoret. Ukungu wa Julai ulifanya marobota ya mitumba yaonekane yakielea juu ya mikokoteni, na watu wakapita kimya kama bado wamelala. Mpaka leo nikifumba macho nayaona.

Kazi niliyopewa ilisikika rahisi. Seva zipige simu zenyewe alfajiri, zichukue programu mpya na kujiwekea bila mkono wa mtu. Bosi alinipa majuma mawili.

"Ikikataa, utahamia Eldoret uwe unaziweka mwenyewe," alisema. "Si hiyo ni sawa?"

Haikuwa sawa. Nilikuwa naishi na mama, wawili tu, na macho yake yalikuwa yanafifia. Aliuza mitumba Gikomba kwa kupapasa. Nguo ikimpita vidoleni alikuambia ni sketi au suruali ya mtoto kabla hujaikunjua. Niliogopa sana kumwacha.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kupeleka msimbo mbichi, yaani maandishi ya programu, na kila seva ijitengenezee programu yake, kama kumpelekea mteja kitambaa na cherehani. Ya pili ni kufunga programu iliyokwisha kushonwa, kifurushi kimoja chenye orodha ya vilivyomo. Wenzangu walipenda ya kwanza. Mimi mtoto wa Gikomba nilichagua kifurushi, nikajipiga kifua.

Ujanja wangu ulifika Eldoret ukakwama. Kifurushi kilifunguka vizuri, kisha programu ikaanguka na seva ikanyamaza. Mara tatu. Zikabaki siku mbili.

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamkuta mama mlangoni akipuliza makaa. Wiki nzima alikuwa akipikia makaa. Alisema mafuta ya taa yanamwasha macho.

"Bado imekataa?"

"Bado, mama."

Akaingia ndani, akavuta begi kutoka chini ya kitanda. Alikuwa ameshanifungia safari, na hakuwa amesema neno. Hakulifungua. Aliweka kiganja juu yake, akataja vilivyomo polepole, kama mtu anayesali.

"Koti zito, hilo ni kamera, chaguo la kwanza, nililitoa robota lilipofunguliwa tu, kabla wateja hawajafika. Blanketi moja. Sufuria mbili. Stovu nimeifunga na magazeti. Mafuta hayamo, yangemwagikia nguo. Ukifika nunua mafuta kwanza, ndio utoe stovu. Usiniwashie stovu kavu ukaunguza tambi."

Nilisimama nikimtazama. Orodha yangu ilitaja kila kilichokuwamo. Haikutaja hata kitu kimoja ambacho lazima kikutwe huko. Seva ya Eldoret ilikuwa kuukuu kuliko zetu, na faili moja ambalo programu ililitegemea halikuwepo kabisa. Nilikuwa nimewasha stovu kavu mara tatu.

Asubuhi niliongeza mstari mmoja tu: kabla ya kufunguka, tafuta faili hili, kama halipo, lichukue kwanza. Alfajiri iliyofuata Eldoret ikajibu. Bosi alisoma ule ujumbe mara mbili, akakuna kidevu.

"Poa," alisema. "Basi kaa."

Nilirudi kupitia Gikomba kama ninayeota. Sikusikia nyundo za maseremala wala wachuuzi wakiita. Mama alikuwa palepale mlangoni, majivu kwenye nywele.

"Siendi, mama."

Aliyakung'uta majivu. Kisha akasema, "Basi nitolee stovu yangu. Makaa yamenichosha."

Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikafungua begi. Nyumba yetu haikuwahi kuwa na stovu mbili.