Mpaka wa Graniti

Nimepitia kazi nyingi, lakini ile ya kukata graniti kule Chamazi ndiyo iliyonionyesha kwamba msomi anaweza kuwa mjinga na akafurahia. Tulikuwa tunakata mawe ya meza za jikoni. Wenye nyumba wapya walikuja, wakagonga bamba jeusi kwa kucha, wakasema, "Hii ndiyo graniti yenyewe." Mara nyingi haikuwa graniti hata kidogo. Sikuwaambia. Anayechagua jiwe kwa ukucha anastahili alichopata.

Siku moja akaja mjiolojia, mwalimu wa chuo, na mawe kwenye kiroba. Mashine ya kukatia ya chuo chao ilikuwa imekufa. Alikuwa anachunguza kama graniti ya vilima fulani vya bara na mwamba wa volkano ulio pembeni yake vilitoka kwenye uji mmoja wa moto chini ya ardhi.

"Utajuaje?" nikamwuliza. Shule niliiacha darasa la sita, maswali sikuyaacha.

Alimjibu bosi wangu, kana kwamba bosi ndiye aliyeuliza. Jiwe moja, alisema, lilikuwa na vyote viwili: graniti ya waridi na mkanda mweusi wa volkano. Mpaka kati ya hivyo viwili ukiwa umefifia, vilichanganyika vikiwa bado moto. Ukiwa mkali, ule mweusi ulikuja baadaye, ukapenya kwenye graniti iliyokwisha kupoa. Utafiti mzima ulikuwa kwenye mpaka huo, na jiwe la namna hiyo alikuwa nalo moja tu. Hakutafuta la pili kwa sababu kilima kilikuwa na miiba.

Alipoondoka, bosi akalikata mwenyewe kwa kujishaua. Likapasuka palepale mpakani.

Karakana yetu ilikuwa na desturi: ukivunja cha mteja, tafuta kinachofanana rangi, mpe, nyamaza. Bosi akapekua rundo la mabaki, akatoka na kipande cha waridi chenye mchirizi mweusi, kilichokuja kwa kontena kutoka ng'ambo.

"Bosi, huyu hajengi jiko."

"Jiwe ni jiwe. Piga msasa."

Kesho yake mjiolojia akabandika lenzi jichoni. "Umefifia! Uji mmoja! Nilijua tu."

"Shikamoo dokta," nikasema. "Hilo siyo lako. Lako hili hapa, limepasuka." Nikamnyooshea vipande viwili.

Hakugeuka. "Umesoma mpaka la ngapi?"

"La sita."

"Basi."

Bosi akacheka. "Msamehe, dokta. Huyu hata mvua anaihoji."

Nikamwonyesha dokta mgongo wa jiwe aliloshika: wavu wa nyuzi uliogandishwa kwa gundi, wanaouweka kiwandani ili bamba lisivunjike njiani. Akaubandua kwa kucha, akaupuliza. "Uchafu wa karakana yenu." Akashukuru, akaondoka na kiroba chake.

"Kesho usije," bosi akaniambia.

"Hata leo sipo."

Nikaviosha vile vipande viwili bombani, nikavikutanisha. Rangi ya waridi iliishia pale weusi ulipoanzia, kama imekatwa kwa wembe. Basi ule mweusi ulikuja baadaye. Nilisimama barabarani Chamazi na jibu lake mkononi, naye yuko njiani kwenda kuwafundisha watu meza ya jikoni.