Panga Lililorudi kutoka Kibondo

Mwaka 2013 nilikuwa na panga nililolipenda kupita kiasi. Nililinoa kila asubuhi mpaka likaweza kunyoa vinyweleo vya mkono. Kilimo nilijifundisha mwenyewe, kwa kijitabu kilichochakaa na vipindi vya redio, na kwa kuwa hakuna aliyenielekeza niliishi kwa hofu ya kukosea. Jani kavu likining'inia kwenye mgomba lilinikera kama mchanga jichoni.

Tulikuwa vijana watatu pale Kitanga: mimi, binamu yangu, na jirani yetu, msichana wa rika langu. Wazazi wake walitoka Burundi zamani. Yeye alizaliwa hapa, na uraia wanao. Shangazi yangu alitupa mteremko wake tuulime. Tulipanda migomba, maharage katikati yake, na juu tukajenga banda la mbuzi sita. Majani ya migomba yalilisha mbuzi, samadi ikarudi kwenye migomba. Tulikubaliana kwamba vibarua kwenye mashamba ya watu sasa basi.

Miche aliileta jirani. Aliichimba Mtabila, kwenye bustani zilizoachwa kambi ya wakimbizi ilipofungwa, akaibeba kichwani safari nne. Kwao walikuwa na kiwanja cha nyumba tu. Shangazi akimwambia ondoka, hana pengine pa kutia jembe. Hilo tulilijua sote.

Kiangazi cha mwaka uliofuata nilikwenda Kibondo kumwona mjomba aliyekuwa anaumwa. Panga nililibeba. Nyuma ya nyumba yake migomba ilikuwa na majani ya njano yaliyovunjika katikati.

"Iache hiyo, mwanangu," mjomba alisema kutoka kwenye mkeka. "Nayo inaumwa kama mimi."

Nikadhani anatania. Nikaisafisha yote. Utomvu wa njano ulishika kwenye panga, nikaufuta kwa jani. Kijitabu changu kilisema panga lipitishwe kwenye moto kabla ya kuhama mgomba mmoja kwenda mwingine. Ukurasa ule niliujua kwa moyo. Lakini moto unaua makali, nami makali yale niliyahangaikia kila siku. Wakati wa kurudi gari liliharibika njiani, nikamsaidia mama mmoja wa pale kando ya barabara kukata mikungu yake miwili. Alinishukuru sana.

Nilipofika nyumbani nilianza kupunguza majani ya mteremko wetu, safu kwa safu, kuanzia bandani kushuka chini. Niliita ile kazi usafi. Ilibaki migomba mitatu ya mwisho nilipoitwa kula, na kesho yake maharage yakanishughulisha.

"Limenyolewa kama bwana harusi," shangazi alisema alipoliona shamba. Nilifurahi siku nzima.

Baada ya wiki kadhaa, kwenye mkungu ambao haujakomaa, ndizi mbili ziliiva zenyewe.

"Hizi zina haraka kuliko sisi," binamu alicheka, akamenya moja. Ndani ilikuwa ya kahawia. Aliitupa, na mbuzi alipoinusa akageuza kichwa.

Kisha mgomba wa pili. Kisha wa tatu. Kila asubuhi nilipita kuangalia, na kila asubuhi njano ilikuwa imesogea. Haikurukaruka. Ilianzia bandani, ikashuka safu kwa safu, kama mtu anayefanya kazi kwa utaratibu. Nilimtambua mtu huyo kabla sijathubutu kumtaja.

Binamu alipata maelezo yake. "Migomba ya wakimbizi hiyo. Imekumbuka kwao."

"Imekunywa maji ya Kitanga mwaka mzima, kaka," jirani alimjibu. "Na wewe uliyekula ndizi zake, mbona hujafunga mizigo?"

Shangazi hakucheka. "Jumapili tukitoka kanisani," alisema, "tutaongea habari za huu mteremko." Hakumtazama jirani alipolisema hilo.

Zilikuwa siku nne mpaka Jumapili. Nilijiambia nahitaji uhakika kwanza. Uongo. Uhakika nilikuwa nao. Nilichokosa ni ujasiri wa kuonekana nimekosea. Niliwapelekea mbuzi majani, nikasalimiana na jirani, nikamwacha abebe jina baya.

Jumapili shangazi alisimama juu ya shamba, akaonyesha ile migomba mitatu ya chini, mibichi kabisa. "Miche ni ile ile. Hii mbona haijaumwa?"



"Sikuifikia," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo. "Ni panga langu, shangazi. Limetoka Kibondo na ugonjwa."

Jirani alinyoosha mkono. Nikampa panga. Alikwenda nalo jikoni kwa shangazi, akalichomeka kwenye makaa, akasubiri mpaka mpini ukatoa moshi. Aliporudi hakunirudishia.

"Siku nne," aliniambia. "Ulikuwa unaniangalia tu."

"Dada huyu atabaki hapa," shangazi alisema. "Tutang'oa, tutapanda mihogo, tutaanza upya. Wewe mgomba usiuguse tena mpaka nikuambie."

Binamu alianza kuchimba. Ningepaswa kushusha pumzi. Lakini nilikuwa nimemkumbuka yule mama wa barabarani, mikungu yake miwili na shukrani zake, na majirani ambao huenda wanaazimana panga naye. Jina lake sikuliuliza. Mahali gari lilipoharibika nilipakumbuka.

"Shangazi," nikasema, "kuna jingine."