Friji ya Madam Hilwa

Martina alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza hata kabla hajajua kwamba kazi hiyo ina jina. Shuleni kwao Tarime alimwigiza mwalimu mkuu mpaka akachapwa fimbo, na hakukoma. Mwaka 2003 akaja Dubai kufanya kazi za ndani kwa Madam Hilwa, Mwarabu mzaliwa wa Unguja, na ulimi wake akaja nao.

Siku za mapumziko alishinda mtaa wa Naif, chumbani kwa rafiki zake, akitunga. Hakuandika hata neno. Aliwapa waigizaji kisa, kila mtu akajaza maneno yake; ndivyo wengi wetu tunavyoigiza. Michezo ikapendwa, akawa haachwi kwenye sherehe yoyote ya Watanzania.

Idi ya mwaka 2006, katika ukumbi wa hoteli moja Deira, Chacha, mwigizaji wake, mlinzi mwenye ndevu zake, alitokea jukwaani amevaa dera, ufunguo wa friji ukining'inia shingoni. Watu wakavunjika mbavu. Nyuma ya pazia Martina akachungulia, akamwona Madam Hilwa mstari wa mbele, kaalikwa na jamaa zake wa Unguja. Naye ufunguo wa friji yake uko shingoni, kama kawaida.

Aliogopa, tena sana. Kafeel wake, yaani mdhamini wa viza yake, ni mume wa madam huyo. Neno moja tu la kumaliza kazi, "khalas", angepandishwa ndege, na wanawe wawili kule Tarime wangeachishwa shule. Sasa angefuta nini, na hakuna kilichoandikwa? Akampungia Chacha mkono anyamaze. Chacha, kichwa maji, akadhani anasifiwa.

"We msichana!" akafoka. "Maziwa yamepungua! Fungua mdomo ninuse!"

Maneno hayo Madam Hilwa aliyasema kweli, Jumatatu ya wiki ile, na Martina akawasimulia kina Chacha.

Garini, wakirudi nyumbani, madam akamgeukia.

"Mchezo ule umeutunga weye?"

"Ndiyo, madam."

Madam akaangua kicheko mpaka akafuta machozi. "Dada yangu umempatia hasa! Bakhili yule! Ijumaa mtauonyesha tena kwangu. Nshamwita, inshallah, aje ajione mwenyewe."

Nyani haoni kundule. Martina akaitika, "Inshallah, madam." Kwa dada huyo alishatumwa mara nyingi, na friji ya kule haikuwahi kuwa na kufuli.