Mwalimu Ashatu na Majira Yasiyopita Bagamoyo

Mwalimu Ashatu Mikdad amefundisha chekechea Bagamoyo kwa miaka thelathini na mmoja, na majira anayajua kwa nguo zake. Kaskazi huzikausha kabla hajamaliza kuzianika, masika huziozesha kambani, kusi huzirusha uani kwa jirani. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu aliitwa ofisini na kuambiwa kuwa Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya wageni, shule itayakaribisha majira ya kuchipua. Alidhani ametajiwa ugonjwa mpya wa mihogo.

"Ni wakati baridi inapoisha," alieleza Madam Naila, mwenye shule. "Theluji inayeyuka, maua yanatoka, wanyama wanazaa. Watoto wanafurahi."

Feni ilizunguka kwa nguvu zake zote, na bado jasho lilimtiririka Madam kwenye mdomo wa juu, naye akalifuta kwa karatasi laini aliyoishika tayari.

"Baridi ya wapi, Madam?"

"Mwalimu, usianze."

Cheo cha Madam alijipa mwenyewe. Shule aliirithi kwa marehemu baba yake, pamoja na madawati, tangi la maji na Mwalimu Ashatu. Alikaa Dar es Salaam miaka sita, akarudi na rangi za ukutani, ada mpya na Kiingereza, na katika simu yake alikuwa amekusanya picha za vitabu vya watoto wa Ulaya vya miaka mia iliyopita. Kulikuwa na mwanakondoo aliyefungwa utepe shingoni, bata waliovaa makoti ya mvua, msichana mwenye kofia kubwa kuliko akili, na sungura aliyebeba kikapu cha mayai ya rangi. Alizipitisha moja moja kwa kidole, taratibu, kama mtu anayetazama picha za ndugu zake waliokufa.

"Zinanikumbusha utoto," alisema, sauti ikamlegea.

Mwalimu Ashatu aliinamisha uso. Utoto wa Naila aliujua vizuri kuliko mwenyewe, maana ulipita darasani mwake. Alikuwa mtoto wa kulamba ukuta kwa ajili ya chokaa, na mara mbili alirudishwa kwao punje ya kunde ikiwa imemkwama puani. Mwanakondoo mwenye utepe hakuwepo. Walikuwepo mbuzi wa jirani, waliokula daftari lake.

Lakini Mwalimu Ashatu si mtu wa kulilia vitu vya kale. Hata kitabu chake cha darasa la pili, ambacho rafiki zake hukisifu machozi yakiwalenga, yeye anakikumbuka kwa picha ya mkulima anayelima masika akiwa na shati jeupe pee, mkewe nyuma akitabasamu. Masika gani hayo yasiyo na tope? Mchoraji alikuwa amekaa barazani, na mwongo ni mwongo, awe wa Ulaya au wa hapa.

"Na kile kipande cha nyuma," Madam alimalizia, "nitatandika nyasi za plastiki. Wageni wapigie picha."

Hapo ndipo Mwalimu Ashatu aliponyanyua kichwa.

Kipande kile ni hatua kumi na mbili kwa nne, kati ya darasa na ukuta. Kila mwaka, asubuhi inayofuata mvua ya kwanza ya masika, kila mtoto wa chekechea huja na punje ya kunde kutoka kwao, imefungwa kwenye pembe ya leso. Hupewa shimo lake, akapanda, akaliangalia mpaka liote. Tangazo halitolewi, mvua ndiyo tangazo. Mtoto asiyejua kuhesabu huyajua mashimo ya wenzake yaliyoota kabla ya lake. Kati ya yote aliyofundisha katika miaka thelathini na mmoja, hilo ndilo somo pekee ambalo Mwalimu Ashatu ana hakika nalo. Mengine, anasema, watoto wangeyajua tu.

"Na kunde?" aliuliza.

"Kunde zinauzwa sokoni, Mwalimu."

Kazi ya kuzichora picha zile ukutani alipewa Muzammil wa Mlingotini, anayechora kuku kwenye mabanda ya chipsi na meno kwenye mlango wa mganga wa meno. Naye aliwahi kuwa mwanafunzi wa Mwalimu Ashatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hivyo vitunguu ni vya nini?"

"Si vitunguu, ni maua. Madam kanionyesha kwenye simu."

"Umewahi kuyaona?"

"Mwalimu, hata huyu mwenye kofia sijawahi kumwona. Mimi nalipwa kwa mita."

Mazoezi yalianza. Watoto ishirini na sita walivalishwa masikio ya karatasi, wakafundishwa kusema kwa Kiingereza kwamba majira mapya yamefika. Madam akawapanga mbele ya sungura wa Muzammil, akauliza kwa Kiswahili wanaona nini.

"Sungura kaiba mayai," alijibu Adila, mtoto wa miaka mitano.

"Hajaiba. Anayaleta. Ni zawadi."

Watoto walitazamana. Katika hadithi zote walizosimuliwa majumbani mwao, hawakumjua sungura aliyebeba kitu chake mwenyewe.

"Kayaiba kwa bata," Adila alieleza kwa upole, kama anayemsaidia mgeni. "Ndiyo maana bata wamevaa makoti. Wanamfuata."

Mwalimu Ashatu alipata kikohozi, akatoka nje.

Nyasi zililetwa Alhamisi, za kijani kisichojulikana na mmea wowote, zikatandikwa na kukandamizwa kwa matofali pembeni. Mwalimu Ashatu angeweza kuwaambia watoto kwamba mwaka huu hakuna kupanda. Hakuwaambia. Wala hakuwaambia walete punje. Aliwafundisha wimbo wao wa Kiingereza mpaka mwisho, kama alivyoagizwa.

Ijumaa alasiri mvua ikanyesha.

Jumamosi wageni walikaa chini ya turubai. Watoto waliingia wakiwa na masikio yao ya karatasi, yaliyokwisha kulegea kwa unyevu, wakaimba nusu ya wimbo, kisha wakaacha. Adila alikuwa ameanza kufungua leso. Wenzake nao wakafungua zao, wote, wakageuka kwenda nyuma ya darasa kama ilivyo desturi, wageni nao wakainuka kuwafuata. Walipofika kwenye plastiki walisimama.

"Nyasi gani hizi, hata mbuzi hazitamani?" aliuliza Bi Dija, bibi yake Adila.

"Ni mapambo, Bi Dija," alisema Madam.

"Mapambo juu ya shamba? Naila, nawe si ulipanda hapa hapa? Ulikuwa ukipanda asubuhi, mchana unafukua kutazama kama imeota. Yako haikuota mwaka mzima."

Wageni walicheka. Madam alimsogelea Mwalimu Ashatu, akasema kwa meno yaliyofungana, "Waambie waweke mfukoni."

Watoto ishirini na sita walimtazama mwalimu wao, ngumi zimefumbwa. Akamtazama Madam. Akainama, akaondoa tofali la kwanza, kisha la pili, akazikunja nyasi kama mkeka baada ya maulidi. Udongo chini yake ulikuwa mweusi na umelowa. Alitoboa shimo la kwanza kwa kidole, na watoto wakaingia kazini.

Madam alifungua kinywa ili akataze, akaona simu za wageni zimenyanyuliwa juu. Kinywa kile kile kikatabasamu.

"Na sasa, wageni wetu," akasema, "watoto wanatuonyesha majira ya kuchipua kwa vitendo."

Jioni picha zilikuwa mtandaoni, na watu wasioijua kunde hata kwa sura waliandika kuwa zimewarudisha utotoni. Jumatatu nyasi za plastiki zilikuwa stoo, na ukutani Muzammil alikuwa ameandika "Bustani ya Machipuko" kwa herufi za waridi. Madam alimwita Mwalimu Ashatu ofisini, akampa kiti.

"Imependwa sana. Kipande kibaki hivyo hivyo. Ila kila mwaka tupande tarehe ishirini mwezi wa tatu. Ndiyo tarehe majira yanapoanza kule Ulaya."

"Na mvua ikiwa haijaja?"

"Tutamwagilia. Nikuandike, Mwalimu?"

"Inshallah, Madam," alisema Mwalimu Ashatu, kwa sauti ile ambayo kila aliyezaliwa pwani akiisikia anajua kwamba jambo limekataliwa. Madam aliandika tarehe, akaipigia mstari. Mwalimu alirudi darasani. Njiani alipita nyuma, akamkuta Adila amechuchumaa, anafukua.

"Acha," alimwambia. "Bado."