Upepo wa Goba

Kwa miaka kumi na moja Nurdin ametunza bunduki za klabu ya kulenga shabaha iliyoko Goba, bondeni, palipokuwa machimbo ya kokoto, na kwa miaka yote hiyo hajaona mwanachama hata mmoja anayestahili kupewa manati. Hamwambii mtu. Wanachama ni watu wa magari makubwa, naye kazi yake ni kufungua kabati, kusafisha mitutu na kubandika karatasi za shabaha umbali wa mita hamsini. Lakini moyoni ameshawapima wote, na hakuna aliyepita.

Bunduki zenyewe ni ndogo, zile za pointi tuu-tuu, risasi yake haizidi ncha ya kidole cha mwisho. Hazina teke wala kishindo. Kwa hiyo, aonavyo Nurdin, mtu akikosa shabaha kwa bunduki ya namna hiyo hana wa kumsingizia. Amekosa mwenyewe, kwa mikono yake na pumzi yake.

Mtazame Benedikto, mwenye gesti mbili Sinza. Kanunua darubini nene kama chupa ya chai, kaifunga juu ya bunduki, analala nyuma yake akihema kama aliyepanda mlima na gunia. Badala ya kukibonyeza kifyatulio taratibu mpaka risasi itoke yenyewe, anakivuta kama anayeburuta mbuzi kwenda mnadani. Karatasi ikirudi, matundu yametawanyika kila pembe, naye anageuka na kusema upepo wa leo mbaya. Nurdin anatazama kitambaa chekundu alichokifunga mwenyewe juu ya mwanzi ili watu wausome upepo. Kitambaa kimelala. Hakuna upepo hata wa kuzima kibiriti.

"Kweli kabisa bosi," hujibu Nurdin, kwa upole wote wa mtoto wa Temeke aliyelelewa na bibi. "Upepo umesumbua."

Sentensi hiyo ndiyo starehe yake. Kila akiisema anajisikia kama aliyemtemea mtu mate na mtu akamshukuru.

Mwaka huu klabu ilitaka mwalimu wa kuwafundisha wanaoanza, na Nurdin aliutaka ualimu huo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Ana miaka hamsini na minane. Alijifunza bunduki kwenye mgambo, akiwa kijana, na tangu hapo hajaitwa chochote cha maana. Alitaka, kabla hajachoka kabisa, watu wale wa magari makubwa wamwite mwalimu na wanyamaze anapozungumza.

Uongozi ukasema wapo wawili wanaofaa: yeye na Jesca. Kila mmoja apige risasi kumi Jumamosi asubuhi, ambaye matundu yake yatakaribiana zaidi achukue kazi.

Jesca! Mama wa watoto wawili, mtu wa Masasi, aliyekuja pale kuandika majina ya wageni kwenye daftari. Alijifunza kulenga kwa kutazama, akipewa nafasi wanachama wakishaondoka. Nurdin alimdharau kwa utulivu, kama mtu anavyomdharau jirani anayepika bila chumvi. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mwanamke yule alikuwa na tabia ya kuziweka karatasi zilizotumika na kuzilinganisha. Siku moja alimfuata na karatasi sita mkononi, akamwamkia vizuri, akamweleza alichokiona: kila Nurdin akishasugua mitutu, risasi za mwanzo zinapotea, halafu bunduki inatulia.

"Hizi risasi zina nta, mzee wangu," alisema. "Naona mtutu unataka kupakwa kwanza na ile nta yake. Ukiung'arisha sana inabidi uanze upya."

Nurdin alicheka mbele ya watu. Kwenye mgambo, bunduki chafu ilimfanya mtu aruke kichura uwanja mzima. Alimwambia Jesca kwamba usafi wa silaha aliujua kabla mama yake hajaolewa, na kwamba mtutu si kikaango cha chapati hata uhitaji kupakwa mafuta ndipo ufanye kazi. Benedikto alicheka sana. Jesca akazikunja karatasi zake akarudi kwenye daftari.

Ijumaa mchana Nurdin aliichukua bunduki aliyoichagua, akaisugua kwa brashi na mafuta ya taa, akapitisha kitambaa mara ishirini mpaka kikatoka cheupe. Alichungulia ndani dhidi ya mwanga. Mtutu uling'aa kama kioo, naye akaridhika na nafsi yake.

Jumamosi wote walikuwepo. Katibu wa klabu akatangaza kuwa kila mmoja ana ruhusa ya risasi kumi za kujaribia, zisizohesabiwa. Jesca alizipiga zote kumi kwenye kichuguu cha udongo, moja moja, bila hata kuangalia zinapoangukia. Zamu ya Nurdin ilipofika akakataa. Alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba wanaojaribu ni wanaojifunza.

Akalala. Akavuta pumzi, akaitoa nusu, akabonyeza kama inavyotakiwa. Hakuna aliyekuwa na kosa la kumwonyesha, maana mikono yake haikukosea hata mara moja. Alipiga kumi, akainuka, akajipangusa vumbi magotini kama mtu aliyemaliza kazi.

Karatasi zikaletwa. Ya Jesca ilikuwa na tundu moja lililochanika, kizibo cha soda kingelifunika. Ya Nurdin ilikuwa na matundu sita yaliyozagaa kama mahindi waliyorushiwa kuku, na pembeni manne yamegusana, yamekaa pamoja vizuri. Risasi sita za mwanzo na nne za mwisho. Alielewa palepale. Hakuhitaji kuambiwa, alikuwa ameshaambiwa.

Watu walikuwa wamemzunguka wakisubiri aseme neno. Angeweza kusema kweli, ni maneno machache tu: mtutu niliusugua mno, huyu mama alinionya. Juu ya mwanzi kitambaa chekundu kilikuwa kimelala, hakikutikisika hata ncha.

"Upepo," alisema Nurdin.

Hakuna aliyecheka. Benedikto alitazama viatu vyake. Jesca ndiye aliyemsogelea, akamwinamia kidogo kama mtu anavyomwinamia mkubwa wake, akampokea bunduki mkononi.

"Kweli kabisa mzee wangu," alisema kwa upole. "Upepo umesumbua."