Mzani wa Stesheni

Wiki iliyopita nilipita kwenye stesheni ya kijijini kwetu, upande wa Ruvu. Mlango umezibwa kwa mabati, na treni mpya ya umeme haisimami hapo. Ila mzani wa mizigo bado upo barazani, umeliwa na kutu.

Zamani zahanati ilikuwa mbali, kwa hiyo akina mama walipimia watoto wao hapo. Mchana mmoja nilimfuata mama, amembeba mdogo wangu Hamisi. Stesheni ilinuka dizeli na mananasi yaliyoiva kupita kiasi. Mzee Saidi, stesheni masta, alishusha gunia la mkaa, akatandika kanga juu ya mzani, akamlaza mtoto. Hamisi hakulia. Nilisikia vyuma tu vikigongana.

"Amepungua tena, mwanangu," Mzee Saidi alimwambia mama. "Panda treni hii hii, umuwahishe hospitali."

Mimi kazi ya mzani ule niliijua. Kila kilichopimwa kilipakiwa kwenye treni, na mwenyewe alipewa karatasi ya kukichukulia Dar. Nilimpungia Hamisi mkono bila wasiwasi wowote.

Siku ya tatu mama alirudi peke yake. Sasa ninajua walimzika huko huko mjini. Siku ile niliona wanawake wanalia, nikawaona wajinga.

"Mama, karatasi yake unayo?"

Nikafungua fundo la kanga yake, alimozoea kuweka vitu vya maana, nikaanza kupekua. Aliniacha nitafute.