Wanafunzi wa Nairobi walivyouhesabu uchochoro wetu wakapata sufuri

Wakuu, asalaam aleikum.

Mimi ni mama mtu mzima wa Lamu mjini. Darasani nilikaa miaka mitatu tu, kwa hivyo mwenye kutafuta makosa ya kuandika atayapata mengi. Uongo hatapata.

Nyuma ya nyumba yangu kuna uchochoro mwembamba, punda wawili hawapishani.

Ni njia ya wanawake. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu wa hapa ajua. Mwanamume akipita hukohoa, huinamisha macho, huenda zake. Hasimami.

Dada yangu, Bi Esha, anakaa mwisho wa uchochoro huo. Macho yake hayaoni tena. Kila asubuhi huja kwangu peke yake, mkono ukutani, na ole wako ujaribu kumshika.

Sasa Bwana Athman, mwenye gesti ya pembeni, akaomba kaunti imruhusu kuuziba afanye ua wa wageni kunywea kahawa. Eti hapapiti mtu. Afisa akasema Alhamisi atasikiliza kila upande.

Ukizibwa, dada yangu itabidi azunguke barabara ya pwani, kwenye mikokoteni na punda wa mizigo. Yaani atakaa ndani mpaka afe. Sisemi kwa kuongeza chumvi.

Wiki hiyo hiyo wakaja wanafunzi wa chuo kikuu. Masomo yao ni ya miji, na mwalimu wao aliwatoa darasani waje waone mji unavyoishi. Afisa akawaambia wafanye survey ya uchochoro, yaani wahesabu wapitao, wamletee.

Mmoja wao, msichana aitwaye Mutheu, akabisha kwangu.

"Shosho, hii njia huwa mnaitumia kufanya nini?"

"Mimi si shosho wako, sikumzaa mama yako. Na hilo si swali la kuulizwa mlangoni."

Nikafunga mlango. Nakiri, nilijiona nimeshinda.

Basi siku tatu jikoni kwangu pakawa stendi. Nyumba zetu za zamani zina milango ya ndani kwa ndani, jirani kwa jirani, ila ya dada yangu haimo. Huyu apita na sinia, yule na mtoto, mwingine na kanga za harusi. Nikamshika mmoja mkono.

"Kwani kuna maiti?"

"Bi Zuena, ndiani, huko uchochoroni, kumesimama wanaume wawili na makaratasi. Hawaondoki!"

Nikatoka. Kweli, vijana wawili wana vizibao vya kung'aa, mmoja kila mdomo wa uchochoro. Mutheu ameketi katikati na daftari.

"Mmeona wangapi?"

"Sufuri," akasema. "Siku tatu, sufuri. Pole, Bibi. Data ndiyo hiyo."

Wakuu, ndipo nilipoelewa. Kumbe wanawake walikuwa wakiwaona kwa mbali na kugeuka. Hata dada yangu aliposikia sauti za wanaume alirudi kwake. Siku zote tatu hakuja kwangu, nami nilidhani ana homa.

"Nyinyi hamhesabu ndia," nikamwambia. "Mnaifukuza. Nyanyuka! Na hao wenzako waende ng'ambo, Mokowe, wakahesabu maboti."

Kijana mmoja, Kibet, akacheka. "Lakini Bibi, tulikuuliza ukatufungia mlango."

Nikakubali kosa. Si kawaida yangu.

Wenzake wakaondoka, nikamkaribisha Mutheu ndani, nikamkalisha nyuma ya dirisha langu la mbao linalotazama uchochoroni. Nikampa chai na mahamri, nikamwambia anyamaze.

Baada ya sala ya alasiri wakaanza. Mmoja. Wawili. Kundi zima laenda kumtazama mzazi aliyejifungua juzi. Mutheu akawa aandika mpaka kalamu ikamkatikia wino, nikamtafutia ya mjukuu. Kesho yake, kabla jua halijawa kali, akamwona dada yangu akija, mkono ukutani.

Akaacha kuandika.

"Anajuaje amefika?"

"Muulize mwenyewe. Ana mdomo."

Akamuuliza. Walikaa mpaka adhuhuri.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mutheu akasimama mbele ya afisa, daftari mkononi.

"Ripoti yetu ya kwanza ni makosa. Tulisimama njiani, watu wakatukimbia, tukaandika hakuna watu."

Bwana Athman akaruka. "Huyu amelishwa mahamri na Bi Zuena!"

"Mahamri nimekula, ndiyo," akasema Mutheu. "Matano. Lakini daftari ni hili, na kila alama ina saa yake."

Ukumbi ukaangua kicheko. Afisa akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Akauliza kama kuna mwenye kuongeza.

Dada yangu akanyanyuka.

"Bwana Athman, mimi sioni, lakini asubuhi nakusikia ukikohoa ukipita. Wamkoholea nani kama hapapiti mtu?"

Wallahi, hata mke wa Athman alipiga kigelegele.

Afisa akaamua pale pale: uchochoro hauzibwi, na matofali aliyokwisha kushusha Athman yaondolewe. Athman mwenyewe akaja kumpa dada yangu mkono. Nampa haki yake.

Nilichojifunza ni hiki. Mgeni akitaka kuujua mji, asisimame katikati ya njia na kalamu. Aombe kiti ndani kwa mtu, atulie. Na sisi wenye mji tusione fahari kufunga milango halafu tulalamike kwamba hatujulikani. Mimi karibu nimfungie dada yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Haya, semeni. Kwenu kuna njia gani ambayo mgeni akisimama hapo hataona mtu? Mwenye matusi apite kimya.